Aliyekula Majani ya Maboga

Ijumaa, 4 Aprili 2025

Shule imefungwa leo. Niliwaagiza wanafunzi wangu wa gredi ya sita waandike shajara likizo nzima, kila siku, hata kama ni mstari mmoja. Msichana mmoja akauliza kama mimi ninayo. Nikasema ninayo. Sasa imenibidi niwe nayo.

Basi, mimi ni Rukiyo, mwalimu wa Kiswahili, umri wa miaka thelathini na tisa. Nimepanga nyumba ya vyumba viwili hapa Iftin, mjini Garissa, tangu nilipoachana na mume wangu. Naishi na mama. Aliletwa kutoka Buna, kule kaskazini, mwezi wa kumi na moja, baada ya kuanguka njiani akitoka kisimani. Alilazwa Wajir na presha ikakataa kushuka. Wanyama wake wote waliisha kwenye ukame wa 2022, na tangu hapo alikuwa akikaa kwa mdogo wake, mjomba Duba. Kwangu ana kitanda, ana maji ya mfereji siku yakija, ana kliniki anayoifikia kwa miguu. Anakaa kwenye mkeka akiangalia ukuta.

Muuguzi amesema apunguze chumvi, apunguze nyama, ale mboga. Mama hali mboga. Nimeamua kupanda maboga nyuma ya nyumba. Mbegu ninazo, nilizitoa kwenye boga la sokoni lililotoka mashamba ya kando ya mto, nikazikausha kivulini wiki nzima. Nadhani mtu akiona kitu kinamea mbele ya macho yake, atakila.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimechimba mashimo manane. Juu ni mchanga, chini ni kama saruji. Samadi nimepewa na Saynab, jirani tunayegawana ukuta, anayeuza chai na mikate ya anjera kwenye kibanda cha pale kona. Ana mbuzi jike mmoja, mweusi mwenye shingo nyeupe. Alinijazia magunia mawili, moja akalibeba mwenyewe, na shukrani akazikataa. "Abaayo, ni mavi tu," alisema. Huniita hivyo, dada, ingawa ni yeye mkubwa.

Mama alitazama kazi yote akiwa amesimama mlangoni. Nilipomaliza, viganja vimetoka malengelenge, akasema, "Babako aliuza mafahali watatu uende shule. Nilidhani ilikuwa ili usichimbe."

Nikamwambia kuchimba si aibu.

"Sijasema aibu. Nimesema mafahali."

Mbegu tatu kila shimo, nimezisimamisha kwa ubavu. Nimemwagilia maji ya kuogea.

Jumanne, 8 Aprili

Hakuna kitu.

Ijumaa, 11 Aprili

Hakuna kitu. Mfereji umekauka siku ya tatu. Nimenunua maji kwa Yarow, mwenye mkokoteni wa punda, akaniuliza kama nina sherehe. Nikamwambia ni ya bustani. Akaangalia mashimo manane yenye udongo mtupu, akasema, "Sawa, mwalimu," jinsi mtu anavyomwambia mgonjwa.

Jumapili, 13 Aprili

Yameota! Mashimo matano kati ya manane. Majani mawili mawili, manene, bado yamebeba ganda la mbegu kichwani. Nilimwita mama aje aone. Alikuja, akaangalia, akarudi.

Jumatatu, 14 Aprili

Mdudu amekata miche ya mashimo mawili usiku, chini kabisa kama kwa wembe, na hata hakuila. Ameilaza tu pale. Miche iliyobaki nimeizungushia majivu.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua ya kwanza ya maana. Tuliingoja mwezi mzima, ikaja yote kwa saa moja. Maji yaliingia kwenye duka la mtaani, yakaingia chooni, yakapita katikati ya bustani yangu na kuondoka na shimo la tatu, mche na samadi pamoja. Nimebaki na mawili.

Mama alisimama mvuani, hakutaka kuingia ndani. Nilimvuta kwa mkono kama mtoto. "Kwetu mvua ikinyesha watu hutoka," alisema. Nikasema kwetu hakuna presha mia na tisini. Tukanuniana hadi jioni.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule imefunguliwa. Nimekagua shajara za wanafunzi. Kumi na wanne waliandika zote siku moja, kalamu moja, hata madoa ya chai yanafanana. Siwezi kuwalaumu sana. Miche yangu miwili imeanza kutambaa, na nina furaha ambayo sina mtu wa kumwambia.

Jumanne, 6 Mei

Nimerudi kutoka shule saa kumi na nusu, nikakuta upande mmoja wa shina la kwanza umevuliwa majani yote. Vimebaki vikonyo vimesimama. Chini kuna alama za kwato. Hapa karibu mbuzi ni mmoja tu.

Nilimuuliza mama kama amesikia chochote. Alikuwa anaswali, hakujibu.

Ijumaa, 9 Mei

Nimemlipa fundi kukaza geti na kufunga waya juu ya mabati, pale palipokuwa na mwanya. Nimechanika kidole.

Jumatatu, 12 Mei

Ameingia tena. Geti limefungwa, waya uko, lakini majani hayapo. Nimezunguka ua mara tatu nikitafuta tundu. Nimemuuliza Yarow kama amemwona mbuzi akiruka. Yarow akasema mbuzi wa Saynab ana mimba kubwa, hawezi kuruka hata ndoo.

Nimekwenda kwa Saynab, nikaongea naye kwa upole. Akasema mbuzi wake hutembea barabarani asubuhi kama mbuzi wote wa mtaa na jioni hurudi mwenyewe, lakini atamwangalia. Akanipa chai. Nilikunywa, ila moyoni nilijua ananipooza.

Alhamisi, 15 Mei

Tena. Majani sita.

Jumatatu, 19 Mei

Tena. Safari hii hata ncha changa. Na kila mara ni nikiwa shule, kamwe si Jumamosi wala Jumapili. Saynab anajua ratiba yangu kuliko mwalimu mkuu.

Jioni mama alikula chakula chote, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Angalau jambo moja limekwenda vizuri.

Jumatano, 21 Mei

Nimempeleka Saynab kwa mzee wa mtaa, mzee Alio. Watu wengine huchukua mwaka kufikia hapo, mimi nimechukua wiki mbili, na sijutii. Tulikaa kibarazani kwake, wazee wanne, mimi na Saynab. Nilieleza yote kwa tarehe, kama ninavyofundisha.

Siku zote mimi na Saynab tunaongea Kisomali. Leo alijibu kwa Kiswahili, kama mtu aliyeitwa mbele ya karani wa ofisi.

"Mimi nimesikia maneno ya mwalimu. Mbuzi yangu nitafunga. Basi."

Mzee Alio akasema mnyama afungwe mpaka mwalimu avune. Saynab akainuka, akajitanda vizuri, akaondoka bila kunitazama. Nilirudi nyumbani nikijiona nimeshinda.

Nilimwambia mama. Alikuwa ameshika tasbihi. Vidole vikasimama.

"Umemshtaki nani?" aliuliza.

"Saynab."

"Kwa wazee?"

"Kwa wazee."

Akaendelea na tasbihi yake, lakini midomo haikutembea.

Jumamosi, 24 Mei

Maua matatu ya kwanza, manjano, makubwa kama kikombe. Yote ni madume. Nimesoma kwenye simu kwamba madume hutangulia na hayazai kitu. Sawa.

Mbuzi wa Saynab amefungwa kwa kamba uani kwao. Analia mchana kutwa.

Jumanne, 27 Mei

Nimekuta majani manane yameliwa.

Sikuvua hata viatu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Saynab, kimejaa watu wa chai ya alasiri, nikamwambia mbele yao kwamba amewadharau wazee, kwamba anamfungulia mbuzi wake kwa makusudi ili anikomoe, na kwamba nilidhani ni mtu wa dini. Nilisema mengi, kwa Kisomali, ili wasipate shida kuelewa.

Saynab alinitazama. Kisha akamgeukia dereva mmoja wa lori, akamuuliza anataka sukari ngapi.

Mtu asiye na hatia angejibu.

Ijumaa, 30 Mei

Nimekaa na kalamu nusu saa.

Leo asubuhi nilisahau mitihani ya gredi ya sita juu ya meza. Saa tatu, wakati wa mapumziko, nilirudi nyumbani kuichukua. Geti lilikuwa wazi. Nikapita kando ya nyumba kwa kunyata, nikitaka nimkamate Saynab mwenyewe.

Mama alikuwa amekaa juu ya mtungi wa maji uliopinduliwa, katikati ya maboga. Mbuzi mweusi amesimama kati ya magoti yake. Mama alikuwa anachuma jani moja moja, anachagua, anapangusa vumbi kwa shuka yake na kumlisha mkononi. Mkono wa pili ulikuwa chini ya tumbo la mbuzi, unapapasa. Na alikuwa anaongea naye. Sijaisikia sauti ile tangu nikiwa mtoto mdogo, tulipokuwa tukiamka alfajiri kukamua.

"Mama."

Hakushtuka. "Funga geti. Asije akatoka barabarani."

"Ni wewe."

"Ni mimi nini?"

"Ni wewe unayemwingiza. Mwezi mzima."

"Ndiyo," alisema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulipima kwato. Ukamuuliza muuza maji, ukamuuliza Saynab, ukawauliza wazee. Mimi nilikuwa hapa nimekaa."

"Nilikuuliza siku ya kwanza!"

"Uliuliza kama nimesikia kitu. Nilikuwa naswali. Nilipotoa salamu ulishakwenda kuita fundi."

Nikamwambia nimemshtaki mtu bure. Nikamwambia nimemtukana mbele ya kibanda kizima. Akasema alijua la kwanza, na la pili hakulijua mpaka nilipomwambia, na kwamba aibu hiyo tutagawana.

"Lakini umtazame huyu," alisema. "Ana wawili tumboni. Huko barabarani anakula maboksi. Nimemwona akimeza gazeti, Rukiyo, gazeti zima. Na hapa kuna majani mabichi yamezungushiwa waya, yanangoja kitu ambacho hakipo."

"Kitakuwepo. Ni maboga yako. Nimepanda kwa ajili yako, ule, upone."

"Nani alikuomba?"

Hapo ndipo niliposema. Nilisema: yule si mbuzi wako. Wako wamekufa. Wamekufa wote, miaka mitatu sasa, na uko mjini, na ungekubali tukapumzika sote.

Aliinuka taratibu, akishika ukuta. Akampangusa mbuzi mdomo, akamwongoza hadi uani kwa Saynab, ambaye asubuhi huwa kibandani kwake, na kupitia kwenye uwazi wa mabati nilimwona akimfunga tena kamba, polepole, kwa vidole vile vilivyopinda. Kisha akarudi, akapita mbele yangu, akaketi kwenye mkeka.

Nilichukua mitihani nikaenda shule. Nilifundisha vivumishi.

Jumamosi, 31 Mei

Sijakwenda kwa Saynab.

Jumapili, 1 Juni

Nilifika mpaka kona. Kibanda kilikuwa na watu wengi.

Jumatatu, 2 Juni

Saynab ameweka kufuli kwenye geti lake, na kamba ya mbuzi ameifupisha. Naiona kupitia uwazi wa mabati, haifiki hata hatua mbili. Ni kwa sababu ya maneno yangu ya kibandani. Majani yangu hayajaguswa tangu Ijumaa na kila siku yanaongezeka. Sitaki kuyaona.

Jumatano, 4 Juni

Sijakwenda. Mama haniulizi. Afadhali angeniuliza.

Ijumaa, 6 Juni

Idd. Saa sita mtoto aliyetumwa na Saynab alibisha geti na sahani ya nyama, imefunikwa vizuri. "Ya eeddo," alisema, yaani ya shangazi, ndivyo wanavyomwita mama. Alirudia: ya eeddo. Nadhani alikuwa ameagizwa atamke sawasawa.

Mama aligawa katikati, akanisukumia nusu yangu. Nilikula.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya adhuhuri mbuzi alianza kulia. Si kile kilio cha kila siku. Mama aliinua kichwa kwenye mkeka, akasikiliza kidogo, akasema, "Anazaa. Na anazaa vibaya." Kisha mama yangu, ambaye mimi humshika mkono kumvusha barabara, alitoka mbio.

Geti la Saynab lilikuwa na kufuli. Mama akalitikisa kwa mikono miwili. Mimi nilikimbilia kibandani. Nilimkuta Saynab anaosha vikombe, nikasema, "Mbuzi wako anazaa," akaacha kila kitu hivyo hivyo, tukakimbia wote wawili bila kuangaliana, akafungua kufuli.

Kamba ilikuwa imezunguka kigingi na mguu wa nyuma mpaka ikaisha. Mbuzi alikuwa amelala ubavu, shingo imevutwa juu, mwanambuzi mmoja miguu imetoka, mwili umekwama. Saynab alikata kamba kwa kisu cha vitunguu. Mama alipiga magoti, akaomba mafuta, akapaka mkono, akauingiza. Miaka sitini na minane. Alifumba macho kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. "Kichwa kimerudi nyuma," alisema kwa Kisomali, kwa Saynab. "Mshike kiuno. Usimwachie."

Yule wa kwanza alitoka amekufa. Wa pili alitoka dakika chache baadaye, jike, mweusi mtupu. Hakuwa anapumua. Mama alimpulizia puani, akamsugua kwa shuka yake nzuri ya Idd, akamning'iniza kwa miguu ya nyuma, akampulizia tena. Mwanambuzi akapiga chafya. Sijawahi kufurahia chafya kiasi hicho.

Tulikaa chini sote watatu, tumejaa damu na vumbi. Yule aliyekufa alikuwa pembeni, juu ya gunia. Lilikuwa mojawapo ya yale magunia ya samadi.

Nikasema. Nilimwambia Saynab kwamba si mbuzi wake aliyeingia kwangu, ni mama aliyemwingiza, kwamba nimejua tangu Ijumaa ya wiki ile nyingine na sikuja kusema, na kama ningesema kamba isingefupishwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho, anafuta mikono.

"Nilijua," alisema. "Tangu nilipomfunga. Kila nikirudi nakuta fundo si langu. Fundo lile ni la watu wa kaskazini, wanaofunga ndama."

"Mbona hukusema? Pale kibandani, mbona hukunijibu?"

"Ningejibu nini? Ningemtaja mama yako mbele ya madereva?"

Nikaomba radhi.

"Umenisema kwa wazee na umenisema kwenye chai yangu," alisema Saynab. "Hapa tuko na mbuzi tu. Kaseme kule ulikosemea."

Jumatano, 11 Juni

Nimesema. Kwanza kibarazani kwa mzee Alio, mbele ya wazee wale wale wanne, kisha kibandani saa ya alasiri. Yule dereva wa lori alikuwepo, nadhani Mungu alimpangia safari. Mama alitaka kuja kueleza yeye, nilimwomba asije. Hapo angalau nilifanya kama Saynab: nilisema kosa lilikuwa la nyumba yangu, sikumtaja mtu.

Mzee Alio aliniuliza kama yule mwanambuzi aliyekufa nitamlipa. Nikasema ndiyo. Saynab akasema hataki. Alisema kwa Kiswahili.

Ijumaa, 13 Juni

Maua majike! Matatu, kila moja lina kiboga kidogo chini yake kama gololi. Nyuki hawaonekani hapa na saa tatu maua yanafunga. Kwa hiyo saa moja asubuhi, nimeshavaa nguo za shule, nilichuma ua dume, nikalivua petali zake na kulipaka jike kwa jike.

Mama alikuwa nyuma yangu. "Unafanya nini?"

Nikamweleza. Akainama kuangalia karibu kabisa.

"Kumbe hata mboga hupandishwa," alisema. Akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Na dume moja kwa majike matatu. Huyo ni fahali."

Nilichelewa shule.

Ijumaa, 20 Juni

Kimoja kimegeuka njano na kuoza. Nilipokipasua nilikuta funza. Viwili vimefikia ukubwa wa ngumi. Nimevifunga kwa soksi kuukuu.

Mama sasa huenda kwa Saynab kila asubuhi kumwangalia mwanambuzi. Huchuma majani machache na kwenda nayo. Ananiuliza kwanza yapi achume. Naona ananiuliza ili nisikie kwamba ameniuliza.

Saynab hunisalimu. Hajaniita abaayo.

Jumamosi, 28 Juni

Mjomba Duba amepiga simu. Mvua ilinyesha kwao, malisho yapo, amepata mbuzi arobaini, na mkewe amejifungua. Anataka mtu wa kuangalia wanambuzi. Alisema hivyo kwanza kwangu, kama mtu anayegusa maji kwa kidole, kisha akaomba aongee na dada yake.

Mama alisikiliza. Akasema, "Nitakuja."

Nilimwambia hapana. Nikataja presha, dawa, kliniki, njia ya kisimani alikoanguka, umbali wa hospitali. Nilitaja hata barabara. Akaacha nimalize.

"Saynab amenipa yule mwanambuzi," alisema. "Leo asubuhi. Nimekataa."

"Kwa nini umekataa? Ungekaa naye hapa. Ningeondoa maboga, ningekujengea kibanda."

"Mmoja? Nimfuge chini ya kitanda? Rukiyo, mbuzi mmoja ni mgeni, kama mimi."

Nikasema sikuwahi kumfanya mgeni.

"Hukunifanya. Umenitunza vizuri sana. Unanipa dawa, unanipa chakula, unanifungia geti." Alisema bila hasira yoyote.

Jumapili, 29 Juni

Sijaongea naye. Nimeng'oa magugu kwa nguvu, nikang'oa na shina moja la boga pamoja nayo. Nalo lilikuwa na tunda. Limebaki shina moja, boga moja. Ni mikono yangu mwenyewe. Safari hii hakuna wa kumshtaki.

Alhamisi, 3 Julai

Kliniki. Presha imeshuka, mia na arobaini. Muuguzi akafurahi, akaniambia, "Umeona? Endeleeni na mboga hivyo hivyo." Mama hajawahi kuweka hata jani moja mdomoni. Nilitaka kumweleza muuguzi yule, lakini ningeanzia wapi.

Nje, mama aliniuliza karatasi inasema nini. Ningeweza kumdanganya. Nikamsomea ilivyo.

"Basi," alisema.

Nimerudi ndani peke yangu, nikaomba dawa za miezi mitatu na nikaandikiwa.

Jumapili, 6 Julai

Nimekata tiketi ya Alhamisi. Garissa hadi Wajir, kisha Duba atampokea. Nimemnunulia mtungi mdogo, wa lita tano, asibebe mkubwa. Mama akasema kule hakuna atakayemwacha achote maji, yeye ni mzee. Nikasema Novemba ulikuwa mzee pia na ulikwenda.

Jumatano, 9 Julai

Boga lina siku ishirini na sita. Linahitaji arobaini na zaidi. Kikonyo kikauke, ganda likatae ukucha. Ukucha wangu uliingia kama kwenye siagi. Najua haya yote. Nimewafundisha wanafunzi kifungu cha ufahamu kuhusu kilimo cha maboga.

Lakini basi ni kesho alfajiri. Nimelikata.

Niliomba ruhusa ya mchana shuleni. Ndani lilikuwa jeupe, mbegu laini kama kucha za mtoto mchanga, hazifai hata kupandwa. Nililipika kwa maziwa na iliki kidogo, bila chumvi. Lilitoa maji mengi sana. Nilizidisha moto, likapondeka. Nilizidisha iliki. Saynab alikuja kumuaga mama, nikamwomba akae ale nasi. Akasema amekula, akakaa hata hivyo, mwanambuzi mapajani mwake. Alichungulia sufuria, akanitazama, akanyamaza. Yule mwanamke anajua kunyamaza.

Nikampakulia mama sahani. Alisema bismillahi, akachota kijiko cha kwanza. Nilikuwa nimeshaonja jikoni, kwa hiyo najua alichokuwa nacho mdomoni: maji ya moto yenye iliki. Alimeza. Akachota cha pili. Nikamwambia aache kama hataki, halijaiva, nimelikata mapema, kosa langu.

"Nani amesema sitaki," alisema.

Alikula bila haraka, mpaka kijiko kikagonga bati. Saynab alikuwa anaangalia mlango. Mama alifuta sahani kwa kidole, akalamba, akasema ni tamu. Kisha akaisukuma mbele yangu.

"Ongeza."

Nikampakulia.